Nyumba ya Harvington

Katika nchi ya Uingereza, wilayani Worcestershire, iko nyumba kubwa ya kale iitwayo Harvington Hall. Kuta zake ni za matofali mekundu, nayo imezungukwa na mtaro mpana wenye maji. Mtu hawezi kuingia ila kwa daraja. Humphrey Pakington, tajiri Mkatoliki, aliijenga karibu na mwaka 1580.

Siku zile Wakatoliki wa Uingereza walikuwa katika taabu. Mwaka 1585 malkia Elizabeti wa Kwanza alikubali sheria kali: padri aliyepata upadri ng'ambo akionekana katika nchi, auawe, na mtu aliyempokea nyumbani mwake, auawe vilevile. Walakini mapadri walizidi kuja kwa siri, wamevaa nguo za watu wa kawaida, wakasoma Misa katika vyumba vya juu. Kwa hiyo nyumba ilihitaji maficho.

Harvington ina maficho saba. Penye ngazi, vipandio viwili huinuka kama kifuniko cha sanduku, na chini yake mna nafasi ya mtu kupenya. Katika chumba kingine, boriti nene ya ukutani hugeuka ikisukumwa. Nyuma yake mna chumba chembamba, ambacho hakikujulikana tena hata mwaka 1897. Tena kuna meko ya uongo: dohani yake si ya moshi, ni njia ya kupandia darini.

Askari walipofika walipima kuta, wakagonga mbao na kusikiliza. Mara nyingine walikaa siku nyingi, ili njaa imtoe padri.

Yafikiriwa kwamba baadhi ya maficho hayo ni kazi ya Nicholas Owen, seremala na mtawa wa Shirika la Yezu. Alikuwa mfupi sana, tena kiwete. Mchana alitengeneza vitu vidogo mbele ya watumishi, wasishuku neno. Usiku alivunja ukuta peke yake. Mwaka 1606 alishikwa katika nyumba nyingine ya wilaya ileile, baada ya kujificha siku kadha karibu bila chakula. Huko London aliteswa mpaka akafa. Alijua maficho ya pande nyingi za nchi, wala hakutaja hata moja. Papa Paulo VI alimtangaza mtakatifu mwaka 1970.

Baadaye nyumba ilichakaa sana. Mwaka 1923 bibi mmoja aliinunua, akaipa jimbo kuu la Birmingham, nayo ikatengenezwa. Juu kabisa wageni huona kikanisa kidogo. Ukutani yamechorwa matone mekundu na meupe, mfano wa damu na maji yaliyotoka ubavuni mwa Yezu.