Kingo za Shamba Ndizo Ngome Yake

Apandaye kutoka Gisenyi, kwenye ufuko wa Ziwa Kivu, kuelekea miteremko ya volkano, hukuta udongo mweusi wenye rutuba, umestawi viazi, mahindi, maharage na pareto. Lakini palipo na chakula kingi, wadudu waharibifu nao hawakosekani.

Mwaka 2017 viwavijeshi wenye asili ya Amerika walivamia mahindi ya Rwanda. Askari waliingia mashambani pamoja na wakulima kuwaokota na kuwaangamiza. Hata hivyo, shamba lina walinzi wengine, wasiodai mshahara.

Dundu mdogo mwekundu mwenye madoa meusi hula vidukari wafyonzao utomvu wa maharage. Nyigu wadogo hutaga mayai ndani ya viwavi, na wana wao huwala viwavi hao kutoka ndani. Lakini nyigu mzima huishi kwa maji matamu ya maua, wala haruki mbali. Shamba pana la zao moja, lisilo na ua wala magugu yenye maua, humnyima chakula na makazi. Vidukari, wanaochukuliwa na upepo, hufika katikati kabla yake.

Mabingobingo, ambayo Wanyarwanda huyaita urubingo, hupandwa kwenye kingo za matuta ili kuzuia mmomonyoko na kulisha ng'ombe. Nchini Kenya, tangu miaka ya 1990, wataalamu wa kituo cha utafiti wa wadudu, ICIPE, wameonyesha faida nyingine. Nondo ambaye viwavi wake hutoboa mabua ya mahindi huvutwa na mabingobingo, akataga humo, na wengi wa wana wake hufa. Desmodiamu, mmea wa jamii ya kunde, ikipandwa kati ya mistari ya mahindi humfukuza.

Dawa haina uteuzi huo. Hata pareto, ua la milima hii, huua dundu na nyuki pamoja na kidukari.

Basi, mwenye bustani nyuma ya nyumba akague kwanza upande wa chini wa majani. Akiwaona madundu wekundu kazini, asubiri siku chache. Ikimlazimu kupuliza dawa, apulize jioni nyuki wakisharudi mzingani, tena palipoathirika tu. Kingoni apande alizeti, au aiache giligilani itoe maua.

Askari hufundishwa kumtambua rafiki kabla ya kufyatua risasi. Mkulima naye hana budi kujifunza hayo kabla ya kushika bomba la dawa.