Kapasita zinazovuja: adui wa kimya wa vipimo vya zamani

KIFAA cha kupimia umeme kinapoanza kutoa majibu ya uongo, fundi hushindwa kujua kama hitilafu imo katika mashine anayoitengeneza au katika kipimo chenyewe. Kwa vipimo vyenye umri wa miaka 30 na zaidi, chanzo mara nyingi huwa ni kapasita iliyoanza kuvuja.

Kapasita ya elektroliti huhifadhi chaji ya umeme kwa kutumia tabaka mbili za alumini, ambazo kati yake pana karatasi iliyoloweshwa kimiminika kiitwacho elektroliti. Vyote hufungiwa ndani ya kikopo chenye kizibo cha mpira. Miaka inavyopita kizibo huchakaa, kimiminika kikatoka. Joto huharakisha uchakavu huo: kwa makadirio ya kawaida, kila linapopanda nyuzi 10 za Selsiasi, umri wa kapasita hupungua kwa nusu.

Mfano unaofahamika ni osiloskopu aina ya Tektronix 2465B ya miaka ya 1980, chombo chenye uwezo wa kuonyesha mawimbi ya umeme ya hadi megahezi 400. Matoleo yake ya baadaye yana kapasita ndogo zilizolehemiwa juu ya uso wa bodi ya udhibiti, nazo zimejulikana kwa kuvuja.

Kapasita mpya hupatikana kwa bei ndogo. Hasara kubwa iko kwenye bodi, kwa kuwa kimiminika kilichomwagika hupitisha umeme pasipotakiwa na kula njia nyembamba za shaba. Uharibifu huo huendelea hata kifaa kikiwa kimezimwa na kuhifadhiwa kabatini. Aidha, bodi hiyo hutunza tarakimu za ugezi, yaani zile zinazokiwezesha kifaa kupima kwa usahihi, kwa nguvu ya betri ndogo. Zikipotea, osiloskopu yaweza kuwaka kama kawaida, lakini vipimo vyake visiaminike. Ndiyo maana mafundi makini huzinakili kabla ya kugusa chochote.

Kazi huanza kwa kuchomoa waya wa umeme na kusubiri. Kapasita kubwa za upande wa umeme mkuu zaweza kubaki na takriban volti 300, na bomba la kioo hubeba maelfu ya volti. Kiasi hicho chaweza kuua. Chaji humalizwa kwa kupitia rezista, kisha multimita huthibitisha kwamba haikubaki.

Baada ya kapasita mbovu kutolewa taratibu ili shaba isibanduke, bodi husafishwa kwa spiriti ya isopropili na kukaushwa. Njia zilizokatika huungwa kwa waya mwembamba. Kapasita mpya inapaswa kuwa na kapasitansi ileile, volteji isiyopungua ya awali, na uwezo wa kuhimili nyuzi 105. Upande wa chanya na wa hasi usibadilishwe, kwani kapasita iliyogeuzwa yaweza kupasuka.

Hatimaye kifaa hulinganishwa na kingine kinachoaminika. Hata hivyo, asiye na uzoefu wa umeme mkubwa anashauriwa kumwachia fundi mwenye ujuzi, na mwenye kifaa kama hicho asisubiri kizimike ndipo akifungue.