Michezo ya Hisani Mtandaoni: Ni Punje Ngapi Hujaza Kibaba?

Kila ukame unapoishika Magarini, kuanzia Adu hadi Marafa, wito wa kuchangia nao huingia kwenye simu. Wengine huomba fedha. Wengine husema huna haja ya kutoa hata senti: cheza tu, jibu maswali, na mwenye njaa atakula. Je, ndugu msomaji, jambo hili lina ukweli?

Mchezo unaojulikana zaidi wa aina hii ni Freerice, ulioanzishwa mwaka 2007 na Mmarekani John Breen. Mwaka 2009 aliukabidhi kwa Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, WFP. Mchezaji hupewa neno akachagua maana yake, au akajibu swali la hesabu au jiografia. Kwa miaka mingi kila jibu sahihi lilihesabiwa punje 10 za mchele.

Hakuna mtu anayekaa ghalani akihesabu punje hizo. Wadhamini hulipia matangazo yanayoonekana kwenye mchezo, na fedha hiyo huenda WFP. Kwa hivyo mchezaji hutoa macho yake na wakati wake, na mwenye tangazo ndiye anayelipa. Si utapeli, basi. Swali ni kiasi.

Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Tuipige hesabu hiyo haba. WFP hukadiria kwamba gramu moja ya mchele ina punje 48. Kilo moja ni punje 48,000, yaani majibu sahihi 4,800. Ukijibu moja kila sekunde 5 bila kukosea wala kupumzika, utamaliza baada ya saa 6 na dakika 40, na bando lako limeliwa. Kilo hiyohiyo jirani angeweza kuilipia kwa M-Pesa kabla chai haijapoa.

Faida ipo hata hivyo. Wachezaji wakiwa maelfu kwa maelfu, punje hugeuka magunia. Mtoto anayecheza hujifunza maneno na hesabu, na pengine husikia kwa mara ya kwanza kwamba kuna watu wanaolala njaa. Kwa asiye na shilingi ya kutoa, ni njia ya kushiriki.

Hatari ni mtu kufunga simu akijiona ameshachangia. Njaa ya huku kwetu haitokani na uhaba wa wachezaji. Mvua hukosekana, visima na mabwawa hukauka, na mkulima huvuna patupu huku mto Sabaki ukipita kwenda baharini. Punje humshibisha mtu leo, lakini hazichimbi kisima.

Tulinganishe na mwaka 2011, ukame ulipozikumba kaunti za kaskazini. Kampeni ya Kenyans for Kenya ililenga shilingi milioni 500, ikapita lengo hilo, na wananchi wa kawaida walituma walichonacho kwa simu. Simu ileile, kidole kilekile, lakini hapa mtoaji alihisi uzito wa alichotoa, na akawa na haki ya kuuliza kimetumikaje.

Tazama pia chakula cha shuleni. WFP ililisha wanafunzi wa maeneo kame nchini kwa miongo kadhaa, kisha mwaka 2018 ikakamilisha kuikabidhi serikali kazi hiyo. Tangu hapo sahani ya mtoto inategemea bajeti. Mzazi anayehudhuria kikao cha maoni ya bajeti na kuuliza fungu la chakula na maji la wadi yake huenda akaleta badiliko kubwa kuliko majibu elfu kumi.

Kwa hivyo, mtu akikuletea mchezo wa hisani, muulize mambo matatu. Nani analipa? Kila jibu lina thamani gani? Na shirika linaonyesha wapi fedha ilikofika? Ukiombwa namba ya siri au ada ya kujiunga, huo si mchezo wa hisani, ni mtego.

Mruhusu mtoto acheze, ajifunze. Lakini kibaba cha Magarini kitajazwa na maji, bajeti inayofuatiliwa na mkono wa jirani. Punje za mtandaoni ziwe nyongeza juu yake.