Malkia wa Katwe: Kitabuni na Katika Sinema

Walioitazama filamu ya Malkia wa Katwe ni wengi kuliko waliokisoma kitabu kilichoizaa. Kitabu kiliandikwa na Tim Crothers, mwandishi wa michezo wa Marekani, kikachapishwa mwaka 2012. Filamu ilitolewa na kampuni ya Disney mwaka 2016. Kisa ni kimoja. Phiona Mutesi, binti wa Katwe aliyeacha shule kwa kukosa karo, anamfuata kaka yake hadi mahali ambapo Robert Katende huwafundisha watoto sataranji na kuwapa uji. Anakwenda kwa ajili ya uji, anabaki kwa ajili ya mchezo.

Crothers ni mtu wa habari, na kitabu chake hakina haraka. Hukiacha kisa cha binti na kueleza kwa urefu utoto wa Katende asiye na wazazi, kisha Wamarekani wa misheni ya michezo ambao fedha zao ziliufikisha uji Katwe. Katika filamu Wamarekani hao hawaonekani. Hapo mtazamaji ananyimwa jambo la kweli, kwani uji una gharama na mtu fulani aliilipa.

Lakini mwongozaji Mira Nair, mzaliwa wa India aliyeishi Kampala miaka mingi, aliitumia nafasi hiyo kwa busara: alimpa mama. Harriet wa kitabuni husikika zaidi kwa maelezo. Harriet wa filamu, anayeigizwa na Lupita Nyong'o wa Kenya, anaishi mbele ya macho yetu. Anauza kitambaa chake cha thamani ili taa ipate mafuta, binti apate kusoma. Hofu yake si sataranji yenyewe, bali ni kwamba mwanawe ataonjeshwa maisha mengine, kisha arudishwe Katwe asiitambue tena nyumba yao. Naam, Phiona anaporudi kutoka safarini, kazi za nyumbani zinamwia nzito. Mama aliyeachwa kambini na watoto, mume akiwa kazini mbali, hana haja ya kufafanuliwa sehemu hiyo.

Kicheko nacho hakikosekani. Watoto wa Katwe wanapelekwa kushindana katika shule ya Budo, wanapewa kila mtu kitanda chake, nao wanalala sakafuni pamoja kama walivyozoea. Kitabuni mambo kama hayo yamo pia, hasa katika safari ya Sudan ya mwaka 2009, ila huko msomaji hutabasamu kwa huruma tu. Katika sinema watoto wenyewe, waliochaguliwa hapa hapa Kampala, ndio wanaochekesha. Madina Nalwanga, aliyeigiza Phiona, alipatikana katika darasa la ngoma.

Yako machungu ambayo kitabu pekee kinayapa nafasi ya kutosha. Baba alifariki kwa UKIMWI, na muda mfupi baadaye akafa dada mkubwa, Juliet. Filamu huanza baba akiwa amekwisha kuzikwa. Tena jina la malkia lisimpotoshe mtu: mwaka 2012, katika mashindano ya Istanbul, Phiona alipata cheo cha kwanza kutoka chini kati ya vyeo vya wanawake. Crothers anafunga kitabu binti angali na safari ndefu. Filamu inafunga kwa nyumba mpya ya mama.

Baada ya hapo filamu inafanya jambo lisilowezekana kitabuni. Kila mwigizaji anasimama bega kwa bega na mtu halisi aliyemwigiza: Lupita na Harriet, Nalwanga na Phiona. Yumo pia Nikita Waligwa, aliyeigiza Gloria, yule mdogo anayemweleza Phiona jinsi kete ndogo kuliko zote inavyoweza kuvuka ubao na kuwa malkia. Nikita alifariki mwezi Februari 2020 kwa uvimbe wa ubongo, akiwa na miaka 15.