MGONGO ULIVYONIFUKUZA KITANDANI

Msomaji, usiombe yakukute. Karibu mwaka mzima nililala kwenye kochi la sebuleni kama mlinzi wa zamu, mama watoto akiwa peke yake chumbani. Majirani wakaanza kunong'ona kwamba tumegombana. Kumbe ugomvi haukuwa wetu, ulikuwa wa uti wangu wa mgongo.

Daktari aliangalia eksirei akaniambia ni baridi yabisi ya uti wa mgongo. Gegedu, ule mfupa laini unaokinga maungio ya pingili, imelika. "Mzee, mgongo haurudi kuwa wa ujana," akasema, "ila usingizi utaupata ukijua kulala."

Kujua kulala? Nikacheka. Miaka 58 hii, leo nifundishwe kulala!

Kumbe nilikuwa sijui. Godoro langu la sponji lilikuwa limebonyea katikati kama mtumbwi. Tukatafuta jingine, gumu kiasi, siyo ubao. Kulala kifudifudi, mtindo wangu tangu utotoni, nikaacha, maana kunapinda kiuno na kusokota shingo. Sasa nalala ubavu, magoti nimeyakunja kidogo, mto katikati yake. Nikilala chali, mto huo unakaa chini ya magoti. Wa kichwani ni mmoja tu, usioinua shingo.

Kabla ya kulala naoga maji ya moto, natembea kidogo uani. Na kuamka nako kuna adabu yake. Sikurupuki. Najiviringisha ubavuni mwili mzima, nashusha miguu, najisukuma kwa mikono.

Vidonge je? Nilikuwa nabugia diklofenaki kama karanga, tumbo likaniwaka moto. Daktari akanikanya: ukivimeza kila siku bila ushauri, vinaweza kuleta vidonda vya tumbo na kuumiza figo.

Angalizo. Kama wewe ni kijana na mgongo unakakamaa alfajiri, kisha unalegea ukitembea, huenda ni ugonjwa wa aina nyingine, kapime. Na miguu ikifa ganzi, au mkojo ukagoma ama kutoka wenyewe, usingoje kesho, kimbia hospitali.

Siwadanganyi, maumivu hayajahama. Lakini wiki ya tatu nilirudi chumbani na mito yangu miwili kwapani. Mama watoto akaitazama, akasogea ukutani.

"Karibu Baba Neema," akasema, "ila na hiyo mito ilipe kodi."