Stesheni ya Kigoma

Likizo iliyopita nilikwenda Kigoma pamoja na wanafunzi wanane wa somo la historia. Tuliteremka barabara ya Lumumba kwa miguu, na chini yake tukaliona jengo la stesheni, kubwa, lenye matao na kuta nene, na karibu nalo maji ya Ziwa Tanganyika. Mwanafunzi mmoja akaniuliza, "Mwalimu, mbona stesheni kubwa hivi imejengwa mwisho wa reli?"

Jibu lake ni ziwa. Wajerumani walianza kujenga reli hii Dar es Salaam mwaka 1905. Ilifika Morogoro 1907, Tabora 1912, na Kigoma Februari 1914, mwendo wa zaidi ya kilometa 1,200. Mji wenye sifa wakati ule ulikuwa Ujiji, jirani yake. Lakini ufuko wa Ujiji uko wazi kwa mawimbi, na ghuba ya Kigoma imekingwa na vilima. Bidhaa za Kongo zilitazamiwa kuvuka ziwa kwa meli na kupakiwa garini papo hapo. Basi kwa wajenzi hapa hapakuwa mwisho, palikuwa mlango.

Hata meli ililetwa kwa reli. Graf von Götzen iliundwa Papenburg, Ujerumani, ikafunguliwa vipande vipande na kutiwa katika masanduku yapatayo 5,000. Ilishushwa ziwani Februari 1915. Julai 1916 Wajerumani wenyewe waliizamisha isitekwe na adui, lakini kwanza waliipaka mitambo yake mafuta mazito. Kwa hiyo ilipoinuliwa 1924 ilitengenezeka, na 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Habari ya mafuta hayo iliwafurahisha wanafunzi kuliko zote.

Mimi nilikuwa na yangu. Marehemu bibi yangu, Mnyamwezi, alinisimulia kwamba baba yake alikuwa mpagazi, akichukua pembe begani kutoka Ujiji hadi pwani, safari ya miezi. Gari la moshi liliifanya kuwa ya siku chache. Watu husema reli iliwapumzisha wapagazi. Bibi hakusema hivyo. Alisema baba yake alibaki na sugu za mabega, hana kazi, na kodi inamngoja, hata akaandikwa kibarua wa kulaza mataruma ya reli ile ile.

Yule mwanafunzi akainama, akagusa taruma, akauliza kama hili nalo lilikuwa lake. Nikamwambia hapana, yeye aliishia Malagarasi.