Kuwasha taa ya Nixie: somo limo ndani ya testa

Nenda kwa fundi umeme yeyote hapa Ipuli, Tabora, umwombe testa: ile bisibisi yenye kitaa kinachowaka rangi ya chungwa ikigusa waya wa moto. Ndani ya kitaa hicho kuna gesi ya neoni. Taa ya Nixie, ile ya zamani inayoonyesha namba kwa mwanga kama huohuo, ni ndugu yake mkubwa.

Kampuni ya Burroughs ya Marekani iliitoa miaka ya 1950, ikatumika sana kwenye vipimo vya maabara hadi LED zilipoipiku miaka ya 1970. Haina utambi. Ina kathodi kumi za metali zenye umbo la 0 hadi 9, na anodi moja ya wavu. Ukiipa takribani volti 170 za DC, gesi inayozunguka namba uliyounganisha na hasi inawaka.

Sasa, hapa ndipo wengi wanaharibu. Gesi ikishawaka haijizuii. Inapitisha mkondo zaidi na zaidi mpaka taa inakufa. Lazima uweke rezista upande wa anodi. Testa nayo inayo, kubwa kweli. Bila hiyo umeme wa hatari ungepita mwilini mwako.

Tupige hesabu. IN-12 ya Kisovieti hutumia kama miliampea 2.5, na ikiwaka hubaki na volti kama 140. Chanzo chako kikiwa volti 180, zinabaki 40 za rezista: 40 ÷ 0.0025 = omu 16,000. Kwa kujaribu tu, anza na omu 33,000. Mwanga utakuwa hafifu, lakini taa itapona.

Usithubutu kuchukua umeme wa ukutani. Volti 230 zikipita kwenye dayodi na kapasita hufika karibu 325, na hakuna transfoma ya kukutenga nao. Tumia betri ya sola ya volti 12 na moduli ya kupandisha volti. Hata hiyo inaweza kuua, kwa hiyo zima kabla ya kuhamisha waya toka namba moja hadi nyingine, na upime kapasita kwa multimita kabla ya kugusa chochote.

Kama hakuna namba hata moja inayowaka na waya ziko sawa, huenda kioo kimepasuka na hewa imeingia; hiyo haitengenezeki. Lakini namba ikiwaka nusu, usiitupe. Iache iwake peke yake masaa kadhaa. Mara nyingi uchafu wa metali uliojishika juu yake huondoka, namba ikarudi nzima.